Muungano Wao Una Meza, Ndoa Yangu Haina

Admin, jina langu libaki kwako, maana mume wangu anajulikana na mimi nitatambulika haraka. Ni mama wa miaka ishirini na saba, tunaishi upande wa Manga. Nina watoto wawili, mkubwa nitamwita Moraa, wa pili bado ananyonya na usiku halali, kwa hivyo mkiona nimerukaruka mnisamehe. Shule niliishia kidato cha nne. Nina cherehani pale sokoni, nashona sare za wanafunzi, na wateja wamenizoea.

Mume wangu ni mwakilishi wadi. Baada ya uchaguzi hakuna chama kilichopata viti vya kutosha kuendesha bunge la kaunti peke yake. Chama chake ni kidogo, lakini kile kikubwa bila hao wachache hakingepitisha hata bajeti. Basi wakaungana. Ule upande mwingine ukamchagua mama mmoja, naye ni mwakilishi, awe anakaa na mume wangu kila kukitokea mvutano. Nitamwita Mheshimiwa tu.

Vikao vyao vingine vinafanyika sebuleni kwangu. Mimi napeleka chai na ndizi za kuchemsha, mtoto mgongoni, na masikio ninayo. Ndivyo nilivyojua masharti yao. Hakuna wa muungano kusikia jambo kwanza redioni au kwa watu. Mkikosana mnakaa chini, na hakuna kwenda kusema nje kabla hamjamalizana. Na kila upande unataja mapema kile ambacho hauwezi kuachia, ili mwenzake asikiguse. Siku moja waligombana vibaya kuhusu nani apewe uenyekiti wa kamati ya afya, mpaka nikadhani muungano umekufa. Mume wangu akamwambia kwa upole, "Haya, nieleze tena. Sijakuelewa."

Nilibaki nimesimama na chupa ya chai mkononi. Hayo maneno sijawahi kuambiwa tangu anioe. Mimi na yeye tukikosana anachukua koti, anaita boda boda, anarudi watoto wamelala. Asubuhi anauliza kama kuna chai.

Tangu siku hiyo wivu umenikaa. Mume wangu akicheka kwenye simu nahesabu anaongea na Mheshimiwa. Siku ya kikao navaa vizuri, kisha najionea aibu. Siku moja chai niliipika bila sukari makusudi, na Mheshimiwa akanywa akasema afadhali nimejali afya yake. Akambeba mtoto wangu, huyu ambaye hanyamazi kwa mtu, akanyamaza. Hata hilo nilimwonea wivu. Na sisemi wanalala pamoja. Nimechunguza, hakuna. Ingekuwa hivyo ningejua pa kuanzia.

Sasa Sabato iliyopita, tukitoka kanisani, mama mmoja wa kwaya akanishika mkono. "Mama Moraa, tutakukosa. Lakini kule Nyansiongo baridi si mchezo, beba mablanketi."

Nikacheka nikidhani ni utani. Haukuwa utani, akanieleza yote. Vyama vyao vimekubaliana uchaguzi ujao visishindane, kila kimoja kiachie kingine sehemu zake. Wadi yetu imeachiwa chama cha Mheshimiwa. Mume wangu atasimama Nyansiongo, ambako chama chake kina watu wengi, na tunahamia huko shule zikifungwa ili wamzoee. Kwaya ilijua. Mimi na cherehani yangu ndio hatukujua.

Nilingoja mume wangu amalize kula, nikamuuliza: Mheshimiwa alijua lini?

"Alikuwepo tukikubaliana. Si ni mshirika wangu?"

"Na mimi?"

"Wewe ni mke wangu, Mama Moraa. Wewe nilijua tutaenda tu."

Alisema bila ubaya wowote, kama mtu anayenisifu. Hapo ndipo paliniuma.

Walipokuja kikao kilichofuata, niliweka chupa ya chai nikavuta kiti nikakaa. Sikupiga kelele. Nilisema hata mimi kuna kitu siwezi kuachia: sihamishwi kwangu kwa habari za kwaya. Mume wangu akatazama dirishani. Ni Mheshimiwa aliyemgeukia.

"Kwani hukumwambia? Ungenifanyia mimi hivyo, muungano ungevunjika siku hiyo hiyo."

Ndugu zangu, alinitetea. Alisema yote niliyotaka kusema, tena kwa Kiswahili kizuri kunishinda. Nilimshukuru kwa mdomo, na moyoni nikamchukia zaidi. Haki yangu mwenyewe, mpaka aitamke yeye ndipo mume wangu aisikie.

Wageni walipoondoka mume wangu aliniambia nimetoa mambo ya nyumba nje kabla hatujayamaliza ndani. Nikamjibu kwamba ndani hatujawahi kuyaanza. Akachukua koti.

Juzi Mheshimiwa amepiga simu. Anasema tukae sisi watatu, kwa dada yake kule Nyanchwa, mahali ambapo si kwetu wala si kwake, na hakuna kuinuka mpaka tuelewane. Mume wangu alikubali kabla simu haijakatika. Mimi nimemwomba hicho kikao tangu Moraa hajaanza kutembea. Niliomba tukae hapa jikoni tu, wawili.

Nguo hata moja sijafunga, na sitafunga kabla sijaulizwa. Lakini nampenda, na watoto wanampenda. Nikienda Nyanchwa, labda nitaambiwa hayo maneno: nieleze tena, sijakuelewa. Ila nitajuaje kama ananiambia mimi, au ni kwa sababu yule anatazama? Nisipoenda, atahama peke yake, na kila mtu atasema mke ndiye aliyekataa kuelewana.

Kikao ni Jumapili hii. Mlio kwenye ndoa, nielekezeni bila kunitukana. Niende nikakae kwenye meza ya huyo mama, au nimngoje mume wangu hapa jikoni mpaka ajue kukaa na mimi bila yeye?