Firigisi ya Chewa

Mwaka wa 1995, Nasambu alimvulia kofia mumewe Osiako. Sebuleni kwao Kakamega, katika tangi la kioo, Osiako alimfuga chewa wa madoadoa, mwindaji wa miambani, kwa maji ya bahari yaliyoletwa na basi kutoka Mombasa. Lililomstaajabisha zaidi Nasambu ni firigisi. Kila kuku akichinjwa, Osiako alilifunga fungu hilo la mwenye nyumba kwa uzi, akalichezesha majini mpaka chewa akalinyakua.

Baba yake Osiako alisikia, akaja kumkanya. “Unampa samaki heshima yako?”

“Baba, mimi naweza kula kilichotulia. Huyu hawezi.”

Nasambu akapika kuku, firigisi akamwekea mzee. Mzee aliitazama, kisha akamtazama chewa, aliyekuwa amemkodolea macho tangu aingie.

“Mama,” akamwambia Nasambu, “lete uzi.”