Kifua, Nikaishia Hapo

Mimi ni mtu wa maneno mengi. Pale sokoni Bomang'ombe ninapouza mitumba, wenzangu hunitania kwamba mteja akija kununua soksi anaondoka na habari za ukoo wangu wote. Ndiyo maana najishangaa mpaka leo. Katika maneno yote niliyowahi kusema, nililolibania ni moja tu, na ndilo lililokuwa na kazi.

Binti yangu alikuwa na miaka minne alipogundulika ana kifua kikuu. Alikuwa amekonda, kikohozi hakikatiki, na akilala jasho linamlowesha. Hospitali wakanipima na mimi, nikaonekana salama, kisha nesi akanikalisha anionyeshe dawa. Nilitegemea vita. Enzi zangu dawa ya mtoto ilikuwa kidonge cha mtu mzima kilichosagwa kwa mgongo wa kijiko: unabanwa pua, unameza, unatapika, unapewa tena. Hivi vilikuwa vingine kabisa. Unavitia kwenye maji kidogo ndani ya kikombe, vinayeyuka vyenyewe, vinanukia matunda. Mwanangu alikunywa akalamba midomo. Nesi akaniambia utamu usinidanganye: ni kila siku, miezi sita, hata akinenepa, hata akiacha kukohoa.

Miezi miwili nilimpa kwa mkono wangu, akaacha kukohoa, mashavu yakarudi. Ikaingia Desemba. Wachagga walioko mikoani wanarudi nyumbani kula Krismasi, na sokoni hakuna kukaa. Nikachukua dawa za mwezi mzima, nikampandisha mtoto Old Moshi kwa mama yangu.

Mama alitupokea kihambani, katikati ya migomba. Nikamwamkia, akaitikia, akambeba mjukuu wake, kisha akauliza ule mfuko wa dawa ni wa nini. Hatua chache kutoka hapo jirani alikuwa ameinama anakata majani ya ng'ombe, masikio yote kwetu. Kwetu ukitaja kifua kikuu, mtoto wako anatengewa kikombe, na wewe wanaanza kukunong'onea ukimwi.

"Ana kifua," nikasema. "Mpe hii kila asubuhi kwenye maji."

Kikuu nikakimeza. Nilijiambia nitamweleza tukiwa wawili. Tukawa wawili jioni ile ile, tukala mtori, nikamsimulia habari za soko zima, hilo sikuligusa. Niliona aibu mbele ya mama yangu mzazi, hebu fikiria.

Sasa, kwa mama yangu, kifua ni kifua. Baridi ya mlimani ikishuka watoto wanakohoa, unawapa dawa, wakinyamaza unaiweka kwa safari nyingine. Alitulea saba hivyo, na wote tupo. Na huyu mjukuu hata hakuwa anakohoa, tena dawa yenyewe inanukia pipi. Alimpa siku chache, akaifunga vizuri, akaiweka kwenye kopo juu ya kabati. Nilipopiga simu kuuliza mtoto anaendeleaje, aliniambia kifua kimekwisha kabisa. Nikafurahi, nikarudi kwa wateja.

Nilipanda tena mwaka mpya ukiwa umeshaanza, nimechelewa. Mtoto alikuwa amekonda kuliko mwanzo, anakohoa, ana homa. Lile kopo lilikuwa karibu limejaa.

Mama alikataa kubaki nyuma, tukateremka wote hospitali. Nesi alimwamkia kwa heshima, akamuuliza kwa upole kwa nini alisimamisha dawa.

"Mimi niliambiwa kifua, mwanangu," mama akasema. "Hicho kikuu ndiyo nakisikia hapa kwako."

Nesi akageuka kunitazama. Mdomo wangu, huu usiokosa la kusema, ukapata la kusema.

"Nilimwambia," nikajibu. "Amesahau tu. Si unawajua wazee."

Hata nilicheka kidogo. Mama hakubisha. Alinitazama, akaitazama mikono yake, akasema, "Inawezekana."

Dawa zikaanza upya, siku ya kwanza tena. Nilimpa mwenyewe mpaka kidonge cha mwisho, na mtoto akapona. Yuko darasa la kwanza sasa. Wenzake wakikimbizana, yeye anasimama katikati, ameshika ubavu, anatafuta pumzi, kwa sababu pafu moja lilibaki na kovu. Nikimwona hivyo najichukia.

Lakini kuna la mama. Mwanamke aliyekuwa anaimba nyimbo zote za kanisani kwa kichwa, sasa anashika kitabu hata kwa wimbo alioujua kabla sijazaliwa. Anainuka mezani mara tatu kwenda kuangalia kama amezima moto. Majirani wakitaka kumwachia mtoto ili waende shambani, anakataa, anawaambia kichwa chake kimeharibika, alishasahau jambo kubwa na nusura aue. Kichwa chake hakina kasoro yoyote. Kinakumbuka kuliko changu.

Mwezi uliopita nilipanda nikiwa nimeamua kumwambia. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu Moshi mjini. Nilipokaa tu, akaniwahi.

"Mwanangu, nisaidie," akasema. "Siku ile uliponiambia habari ya kikuu, tulikuwa tumekaa wapi? Natafuta, natafuta, sipaoni. Nikipaona labda na mengine yatarudi."

Alikuwa amenifungulia mlango mwenyewe. Nilitakiwa nipite tu.

"Barazani, mama," nikamjibu. "Ulikuwa unachambua maharage."

Akafumba macho. Kisha uso wake ukalegea.

"Enhe," akasema. "Kweli. Sasa nakumbuka."