Firimbi ya Saa Kumi na Mbili

Bendera ya kituo kidogo cha polisi karibu na kwetu, huku Bombolulu, hushushwa saa kumi na mbili jioni. Askari hupuliza firimbi, na barabara yote husimama. Bodaboda huzima pikipiki, mwenye ndoo kichwani huishikilia, na mama wa viazi karai huacha mwiko ndani ya mafuta, viazi viungue kama vitaungua. Husogei wala hukohoi mpaka bendera ikunjwe na firimbi ya pili ilie. Tumekua hivyo. Kama ni heshima au ni hofu, naona aibu kusema kwamba mpaka leo sijui.

Dada yangu mkubwa hasikii tangu alipougua utotoni. Alikuwa akitunga shanga kwenye karakana moja hapa hapa, na alikuwa na mikono ambayo mimi sikujaliwa. Kila jioni alipita mbele ya kituo kile akirudi nyumbani, na kwa kiburi chake hakutaka kusindikizwa. Alinieleza kwa ishara zetu za nyumbani, huku akinicheka, kwamba yeye hutazama miguu. Miguu ya watu ikisimama, naye husimama. Mara nyingine alitulia kabla ya wanaosikia. Askari mzee aliyekuwa pale alimjua, na akimwona amechelewa kusimama alimwinulia kiganja tu.

Kisha mzee yule akahamishwa, wakaja vijana wasiomjua mtu. Nilimwambia dada abadilishe njia. Akapandisha mabega. Nikamwacha, maana kubishana naye ni kutwanga maji kwenye kinu.

Siku yenyewe kulikuwa na maandamano mjini, na kufikia alasiri maduka ya kwetu yalikuwa yamefungwa. Moshi wa matairi ulionekana kwa mbali. Nikaenda karakana kumchukua, bawabu akaniambia ametoka sasa hivi. Nikafuata njia mbio mbio, na nilipokata kona nikauona mgongo wake na kikapu chake, hatua thelathini hivi mbele yangu. Barabara ilikuwa tupu. Hapakuwa na mama wa viazi, hapakuwa na bodaboda, hata mbuzi hakuwapo. Nikaelewa mara moja kwamba hapakuwa na miguu ya kutazama.

Firimbi ikalia.

Nilisimama. Sikuamua, mwili ulisimama wenyewe. Dada akaendelea kutembea. Askari mmoja alikuwa akivuta kamba taratibu, na mwenzake aliyekuwa langoni akapaza sauti.

"We mama! Simama!"

Akarudia. Dada alikuwa ameinamisha kichwa, anatafuta miguu ya watu njiani. Neno moja tu lingetosha: hasikii. Nilikuwa nalo mdomoni. Lakini askari alikuwa na bunduki begani na rungu mkononi, na siku yenyewe ilikuwa ya hasira. Nikajiambia kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake. Nikabaki nimekakamaa, mikono ubavuni kama mwanafunzi gwarideni, nikimtazama akimfuata dada yangu kwa nyuma. Rungu lilimpata kwenye kifundo cha mkono wa kulia.

Bendera ikakunjwa. Firimbi ya pili ikalia, ndipo nikakimbia.

"Hasikii," nikasema. "Dada yangu hasikii."

Kijana yule alimtazama dada, aliyekuwa ameketi chini kati ya shanga zilizomwagika, kisha akanitazama mimi. Nadhani alishtuka kweli.

"Na wewe ulikuwa umesimama pale," akasema. "Mbona hukusema?"

Mkono ulitiwa plasta. Mfupa uliunga vibaya, na vidole viwili havishiki sindano tena. Sasa dada yuko nyumbani, anachambua mchele kwa mkono wa kushoto. Swali la yule askari hakulisikia, wala mimi sijamtafsiria. Anaamini kwamba nilifika nikikimbia, nimechelewa kidogo tu.

Firimbi husikika mpaka uani kwetu. Ikilia najikuta nimesimama, na dada akiona miguu yangu imetulia, naye husimama na ungo wake mkononi, tuko ndani ya ua wetu wenyewe. Juzi aliuweka ungo chini, akanieleza kwa mkono ule mzima, bila lawama yoyote: ungekuwa nami siku ile, ningeona miguu yako.