Gauni Lililokatwa Mikono Miwili ya Kushoto

Nakumbuka Jumanne moja pale Mwihoko, mwanangu, nimekaa mbele ya cherehani yangu mpya, nikitazama mikono miwili ya gauni, na yote ilikuwa ya kushoto. Nitakueleza nilifikaje hapo. Usicheke kwanza. Au cheka, lakini sikiliza.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Kwa miaka mitano nilikuwa nimefanya kazi katika kiwanda cha nguo huko Ruiru, kwenye laini ya suruali, na kazi yangu ilikuwa moja tu: kushona mifuko ya nyuma. Vipande vilitufikia vimeshakatwa na kufungwa kwa mafungu, cha kulia na cha kushoto pamoja. Mifuko yangu ilinyooka sana, na supavaiza akileta wageni alikuwa akiwasimamisha kwangu. Sifa zikanipanda kichwani. Kazi ya kiwandani ilipoisha nikanunua cherehani, nikakodi kibanda, nikaandikisha ubaoni kwa rangi nyekundu: FUNDI WA NGUO ZOTE. Debe tupu haliachi kuvuma.

Mteja wangu wa tatu akawa Mama Nafula, mama mpole kutoka Bungoma, mchuma kahawa katika shamba moja karibu na Ruiru. Binti yake alikuwa anaolewa kwao Jumamosi hiyo. Wakwe walikuwa wamenunua kitambaa kimoja kwa mama wa pande zote mbili, ili siku ya harusi wasimame wamevaa sawa. Kilikuwa cha samawati, kinang'aa upande mmoja tu, na hakuna duka la Ruiru wala Thika lililokuwa nacho.

"Fundi, mikono iwe mirefu mpaka hapa," aliniambia, akigusa kifundo cha mkono. "Hiyo usisahau."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Sikumuuliza kwa nini. Hata kumpima sikumpima vizuri. Nilimzungushia tepu juu ya sweta, kifuani na kiunoni, nikaona inatosha. Kuuliza si ujinga, lakini wakati ule nilidhani mteja akiniona nauliza sana atajua mimi si fundi. Na kweli sikuwa.

Kitambaa kilikuwa kidogo, kwa hivyo nilikitandaza safu moja. Nikaweka karatasi ya kupimia mkono, nikakata. Nikaiweka tena vile vile bila kuigeuza, nikakata. Kama bado hujashona mkono wa gauni, jua kwamba pale begani upande wa mbele huchimbwa zaidi ya upande wa nyuma, ndiyo maana wa kulia hauwezi kukaa mahali pa wa kushoto. Kiwandani kulikuwa na mtu aliyelijua hilo kwa niaba yangu. Miaka mitano, na sikuwahi hata kumuuliza jina.

Sasa, hilo la mkasi halikuwa kosa kubwa. Kubwa ndilo hili. Nilipoona nimeharibu, nilichukua mkono mmoja wa kushoto nikaulazimisha uingie kulia. Nikavuta hapa, nikakunja pale, kisha nikaupiga pasi ya moto mpaka ukalala. Ukiuangalia kwa mbali ungesema ni sawa.

Mama Nafula alikuja Jumatano kulijaribu. Alipoinua mkono wa kulia kitambaa kikajipinda mbele, na kifua chote kikavutwa.

"Fundi, huu mkono unanivuta. Siwezi kuinua."

"Ni kwa sababu ni mpya," nikamwambia. "Utalegea tu."

Nilimdanganya mtu mzima mchana kweupe, na aibu yake ninayo hata leo. Alinitazama kidogo, akalivua gauni, akalikunja vizuri juu ya kiti. "Mimi nasafiri kesho kutwa asubuhi," akasema. "Na mama mwenzangu atakuwa amevaa yake." Hakupiga kelele. Heri angepiga.

Mchana huo nilifunga kibanda nikaenda Thika kwa Mzee Njoroge, fundi wa suti aliyemshonea marehemu baba yangu suti ya harusi. Nilimpa gauni, nikamwambia ni la mama wa bibi harusi. Hakuliangalia kwa nje hata kidogo. Aliligeuza ndani nje, akafuata mishono kwa kidole, akafika begani, akasimama hapo.

"Wewe ni fundi wa nini?"

"Wa nguo zote, guka," nikasema, nikimwita babu kwa heshima.

"Zote?" Akaguna. "Hii kushona yako ni safi kuliko yangu. Lakini nani alikuwa anakukatia?"

"Watu wa kiwandani."

"Na ulipoona umekosea ukafanya nini?"

"Nikapiga pasi, na mwenyewe nikamwambia utalegea."

Hapo ndipo alipokasirika. "Haiya! Kukata vibaya, hata mimi nimekata vibaya, tena suti ya bwana harusi. Lakini wewe uliona, ukaficha, halafu ukamwambia mwenyewe iko sawa. Ulitaka ajulie mbele ya wakwe?" Akanirudishia gauni. "Mimi siligusi. Nenda kwanza ukamwambie. Nguo ni yake."

Alhamisi asubuhi nikaenda hadi nyumba za wafanyakazi kule shambani. Nilimkuta Mama Nafula anapanga mizigo yake. Nikamwambia yote, hadi ile ya pasi. Alinisikiliza, kisha akakunja mkono wa sweta. Kutoka kiwiko kwenda chini ngozi ilikuwa imejikunyata. Aliungua kwa uji akiwa msichana.

"Ndiyo maana nilisema mirefu," akasema. "Hao watu wa kwa kina bwana harusi hawajawahi kuniona hivi. Lakini afadhali umesema. Huko ningefanya nini? Enda utengeneze. Mkono wangu tu usionekane."

Nikarudi nalo Thika. Mzee Njoroge alikaa kwenye kiti chake, mikono magotini, akaniacha nifanye mwenyewe. Nilifumua mishono. Kitambaa kile kikishatobolewa na sindano hubaki na alama, kwa hivyo nilishuka chini kidogo ya alama, nikaukata upya ule mkono mbaya uwe wa kulia. Ukapungua vidole vinne. Nikapunguza na wa kushoto ulingane nao, kisha nikaunganisha kitambaa cheusi mwishoni, kipana, ifike kwenye kifundo. Nikaweka cheusi hicho hicho shingoni, ili mtu akiona aseme ndivyo lilivyokusudiwa. Kila mshono aliniamuru niupige pasi kabla sijaupitishia mwingine. Shingo nilifumua mara mbili.

Jioni ile Mama Nafula alilivaa, akainua mikono yote miwili juu. "Sasa iko sawa," akasema. Nikashusha pumzi.

Harusi ilienda vizuri. Jirani yake aliniambia mama wote wawili walisimama pamoja, na wageni wakaisifu ile mikono nyeusi. Lakini Mama Nafula hakuniletea kitambaa tena. Miezi mingi baadaye tulikutana sokoni Ruiru. Alinisalimia vizuri, akaniuliza habari za nyumbani, naye amevaa gauni jipya lililoshonwa na fundi mwingine. Liliniuma sana. Nililiangalia mabegani, na lilikuwa limeshonwa vizuri.

Nilifuta ule ubao. Kwa Jumamosi za zaidi ya mwaka mzima nilikuwa mwanafunzi wa Mzee Njoroge, nikikata magazeti kabla ya kukata nguo. Leo nina karakana yangu kule Theta, na vijana wanaotoka kiwandani na vyuoni huja kwangu na vidole vyepesi kuliko vyangu.

Basi mwanangu, nasaha yangu ni hii. Kushona mstari ulionyooka ni sehemu ndogo ya ufundi. Jifunze kupima mwili, tena bila sweta, na umuulize mwenye mwili anataka nini na kwa nini. Jua uso wa kitambaa na mwelekeo wake kabla ya kushika mkasi, na cha pamba kifue kwanza, kisije kikaruka kikawa kifupi kikifuliwa baadaye. Kata karatasi kwanza, ndipo ukate kitambaa. Malizia ndani kama nje, kwa sababu anayejua nguo ataanzia ndani. Usiogope kufumua, mimi bado nafumua. Kazi usiyoiweza bado, sema huiwezi bado, ukajifunze kwa anayeiweza. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Na ukikosea, mteja alisikie kutoka kwako mapema. Nguo iliyoharibika mara nyingi hutengenezeka. Mteja uliyemdanganya anaweza kukusalimia vizuri maisha yake yote na asirudi.

Mungu abariki mikono yako na mkasi wako. Akupe jicho la kuliona kosa lako kabla ya mwingine, na mdomo wa kulisema siku hiyo hiyo.