Besi ya ubeti wa tatu

Saa mbili kasorobo asubuhi, Jumamosi. Sebuleni kwa Nathanaeli Lomayani, katika kata ya Elerai jijini Arusha, Diana Nanyaro amesimama katikati ya chumba akiwa ameinua tableti yake juu, kama mtu anayetafuta mtandao porini.

"Mwalimu, haioni printa."

"Kompyuta imelala," anajibu Nathanaeli. Anagusa kibodi, kioo kinawaka. "Haya, tuma sasa. Huyu bibi ukimwacha dakika kumi tu, anasinzia."

Printa iliyo juu ya kabati la vyombo inakohoa, inavuta karatasi. Diana anaidaka kabla haijatoka yote. Anaisoma, kisha anacheka kwa mara ya kwanza tangu afike.

"Zimekaa! Kila nota imekaa juu ya neno lake!"

Nathanaeli, mwenye umri wa miaka 63, huchapa nota za kwaya. Walimu wa kwaya kutoka mjini na vijiji vya kuzunguka Mlima Meru humletea nyimbo zikiwa kwenye simu na tableti. Hutoza shilingi 300 kwa ukurasa. Mwezi mzuri humwachia kama laki moja na themanini; Desemba, kwaya zinapojiandaa kwa Krismasi, huzidi hapo.

Diana anafundisha kwaya ya usharika mmoja upande wa Momela. Juzi aliuchapa wimbo huu moja kwa moja kutoka kwenye tableti, katika duka moja mjini. Mistari ikateleza. Nota za neno moja zikaangukia neno jingine, na hakuna aliyegundua hadi mazoezini.

"Soprano wameshafika kwenye 'Bwana', besi bado wako kwenye 'mvua'," anasimulia. "Mzee mmoja akaniuliza, 'Mwalimu, huu ndio mtindo mpya wa mjini?'"

Nathanaeli anaeleza kwamba nota za do-re-mi hupangwa kwa herufi zenye upana sawa, kama za taipureta. Simu nyingi hazina herufi hizo, kwa hiyo huweka za kwao, na mpangilio wote unavurugika. Binti yake, Jackline, ndiye aliyemtafutia njia: simu inatuma faili kwa Wi-Fi ya nyumbani, kompyuta inalifungua kwa herufi zake yenyewe, kisha inaiamuru printa, ambayo kwa uzee wake haijui lugha nyingine ila ya waya.

"Jackline anasema ninunue printa mpya inayoongea na simu moja kwa moja. Nikamwambia, mwanangu, hao wawili wakiongea bila mtu wa katikati, nyimbo zitaumia."

Mtu wa katikati ndiyo kazi aliyoizoea tangu ujana. Mwaka 1985 aliajiriwa katika ofisi ya kanisa kuzungusha mpini wa mashine ya kudurufu. Aliyekata stensili, karatasi ya nta iliyotobolewa herufi kwa taipureta, alikuwa Mwalimu Efraimu, mtunzi wa nyimbo na kiongozi wa besi. Herufi ikikosewa, Efraimu aliiziba kwa rangi ya kucha ya mkewe, akapuliza, akapiga upya.

"Washarika walinong'ona sana. Mzee mzima wa kanisa, mfukoni ana rangi ya kucha!" Nathanaeli anacheka hadi anafuta macho. "Tulikuwa tunarudi nyumbani mikono myeusi kwa wino. Mama yangu alikuwa ananinusa mlangoni, anasema, 'Leo mmechapa wimbo mpya.' Siku hizi karatasi hainuki chochote."

Wimbo wa Diana ni wa Efraimu. Haujaimbwa tangu mtunzi azikwe, mwaka 2001. Kesho kwaya ya Diana inatimiza miaka hamsini, na wazee wameomba wimbo huo na si mwingine. Nakala ya zamani iliyobaki, ambayo Diana aliinakili kwenye tableti, ni moja tu, nayo mchwa wamekula kona. Katika ubeti wa tatu, besi haipo.

Mazoezi ya mwisho ni leo saa tisa alasiri.

"Mwalimu, si tuwaache besi wanyamaze hapo tu?"

"Efraimu alikuwa besi. Unataka kumfuta kwenye wimbo wake mwenyewe?"

Nathanaeli anauimba mstari huo kwa sauti ya chini. Anasita. Anauanza tena, sauti inashuka pengine. Mara ya tatu anaondoa vidole kwenye kibodi.

"Nilidhani ninao," anasema.

Anampigia Lemburis, mzee wa miaka 79 anayeishi Themi, aliyekuwa akisimama kulia kwake kwenye kwaya waliyoimba na Efraimu. Anaweka simu mezani, ikiwa kwenye spika.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Nani amekufa?"

"Hajafa mtu. Nataka besi ya 'Mvua ya Bwana', ubeti wa tatu. Mimi naona inashuka hadi do."

"Inashuka iende wapi? Inapanda! So, so, la, so. Wewe miaka ile yote ulikuwa unaimba nini?"

"Nilikuwa nakufuata wewe."

Mzee anacheka, anakohoa, kisha anaimba. Sauti yake inatetemeka, lakini haipotei. Nathanaeli anachapa kwa vidole viwili huku midomo ikimfuata. Anaomba arudie. Lemburis anarudia mara tatu, na mara ya tatu anaendelea mpaka mwisho wa ubeti, ingawa hakuna aliyemwomba.

Saa nne na nusu, Diana anatoka na nakala arobaini kifuani, besi yote ikiwa ndani.

Nathanaeli hainuki. Kwenye boksi chini ya meza ana nyimbo nyingine kumi na moja za Efraimu zenye matundu kama lile. Amepanga kuanzia Jumatano ijayo kuwatembelea wazee wa kwaya ile na tableti, wamwimbie yaliyoliwa, naye ayachape na kugawa nakala bure kwa kila kwaya itakayotaka. Ataanzia Themi.

"Tuliobaki kwenye besi ni wanne," anamwambia mwandishi. "Na mmoja wao, umesikia mwenyewe, alikuwa anafuata tu."