Picha ya Mama na Albamu ya Gundi

Mume niliyekuwa naye wakati ule alikuwa mjuaji wa kila kitu. Alifanya kazi mapokezi kwenye hoteli moja Shanzu, basi kila alichokiona kwa wageni alikuja nacho Likoni kutufundisha ustaarabu. Mwishoni mwa miaka ya themanini akaja na albamu. Kubwa, jalada jekundu, kurasa zina gundi. Wabandika picha kisha waifunika kwa nailoni. Ungemwona anavyoifungua ungedhani ameiunda mwenyewe.

Picha zetu alizihifadhi shangazi, dadake baba, aliyetulea mimi na mdogo wangu. Alizilaza ndani ya bati la biskuti, na kati ya picha na picha karatasi nyeupe. Pembeni palikuwa na kijifuko cha mchele alioukausha kikaangoni, unyonye unyevu. Bati lilikaa juu ya kabati, mbali na jua na moshi wa jikoni. Ukitaka kuziona, uoshe mikono kwanza, uikaushe, uzishike kwa kingo. "Ukinitilia mafuta ya nazi kwenye picha, wallahi utanitambua," alikuwa akisema.

Mume wangu alipoliona bati alicheka. "Shangazi, hapa ni kwa mende." Nami nikacheka, sitadanganya. Nilikuwa nikilionea haya bati lile lenye kutu wageni wakija. Tukazihamisha picha zote, shangazi akitutazama tu.

Miongoni mwazo ilikuwemo picha moja ya mama, na hatukuwa na nyingine. Alipigwa studio, amejitanda leso, amempakata mdogo wangu. Alifariki mtoto hajatimiza mwaka. Kila Idi mdogo wangu aliiomba ile picha, akakaa nayo peke yake.

Miaka ikapita, mdogo wangu akaposwa. Akataka picha itolewe nakala kubwa aende nayo kwa mumewe. Studio ya zamani ilikwisha fungwa, na negativu zimepotea nayo. Tukafungua albamu. Unyevu wa kwetu ulikuwa umeshaimaliza: gundi imegeuka manjano, nailoni imeng'ang'ania, picha haibanduki.

Mtu na akili zake angeiacha. Mume wangu? Thubutu. Akaagiza birika la maji yachemkayo, ati mvuke hulegeza gundi, ameona wazungu wakibandua stempu. Mdogo wangu akamwambia kwa adabu, "Shemeji, tungemuuliza mpiga picha kwanza." Akajibiwa kwamba kazi ya mpiga picha ni kupiga, kuhifadhi ni elimu nyingine. Elimu! Bwana huyo hata shati lake hakujua kulikunja.

Birika nililishika mimi. Yeye akavuta. Karatasi ikaja nyeupe mkononi mwake, na uso wa mama ukabaki kwenye gundi, umechanika vipande. Alipojaribu kuvikwangua kwa kisu ndipo nilipomnyang'anya albamu, nimeshachelewa.

Kesho yake nikaichukua albamu, nikavuka kwa feri hadi mjini kumwona mpiga picha. Akaitazama, akasema, "Mngeniletea vile vile, mama, ningeipiga picha papo hapo juu ya ukurasa, nikawatolea nakala." Nilirudi nyumbani nikamweleza mume wangu. Akasema albamu ile haikuwa ya aina nzuri.

Jioni nikamfuata mdogo wangu chumbani, akikunja nguo za kwenda nazo. Nikamtukana yule bwana mpaka nikaishiwa maneno. Nikawatukana na wageni wake wa Shanzu, na waliotengeneza gundi. Mdogo wangu alikunja tu. Nilipoona haniitikii nikaanza kumliwaza, na sijui nilikuwa namliwaza yeye au nafsi yangu. Nikamwambia picha ni karatasi, asijiumize, mama hatujampoteza maadamu tunamkumbuka.

Akaiweka chini leso aliyokuwa akiikunja.

"Wewe unamkumbuka, dada," akasema. "Mimi nilikuwa naikumbuka picha."