Nta Juu ya Chuma

Fundi wa kuchomea vyuma pale Usagara ana vidole vyeusi na sauti ndogo kama ya mgonjwa. Hata Wazungu wa mashamba ya mkonge humsubiri. Mimi, niliyeishia darasa la tatu na bado nawapita ninyi nyote kwa maneno, humchokoza kila asubuhi. Kabla hajagusa kitu cha mtu, huchora vijisanduku vya chaki juu ya kipande kibovu cha chuma, akakipaka nta ya mshumaa, akakipasha moto, kisha akatazama nta inavyoganda katika kisanduku hiki, halafu kile. Anataka kujua joto litakawia wapi, maana chuma cha cherehani kikipoa kwa pupa hugeuka kigumu kama gilasi, kikapasuka. "Unampigia nani ramli leo, fundi?"

Juzi Rehmatbai, mshona nguo, alileta mkono wa cherehani yake umevunjika, na Idi imebaki siku mbili. "Fundi, vitambaa vya watu vimejaa kitandani. Nipe leo!" Fundi akajaribu kwanza kwenye kipande kibovu. Ti! Kikapasuka. Akafuta chaki, akachora vijisanduku vidogo zaidi. "Chuma chako nikikichoma leo nitakiua, mama. Bado sijakielewa." Rehmatbai akashika kichwa, na mimi mzaha ukaniishia. Fundi akaingia ndani, akatoka na cherehani ya mkewe begani, mkewe mwenyewe nyuma yake akifoka: "Wewe mwanamume! Na gauni langu la Idi atalishona nani?"

"Rehmatbai," akajibu bila kusimama.